Ukuta wa Chumba Chako

Wifi,

Kwanza ujue kwamba yupo hai. Najua ndilo ungetangulia kuuliza, maana ulikuwa na moyo wa kijinga wa kumhurumia. Mumeo Sirili anapumua, anakula ugali wa serikali, na ule mguu niliomvunja kwa mchi haukuunga vizuri. Anachechemea. Siku ya kwanza nilipomwona akipanda kizimbani huku anauburuta, nilifurahi hadi nikaona aibu, halafu aibu ikapita, furaha ikabaki. Nakwambia hivi kwa sababu huwezi tena kuniziba mdomo kwa kiganja chako chenye gundi.

Ni mimi Devota. Nimekaa nyuma ya jiko, pale pale. Chini bado pana weusi wa makaa yaliyomwagika siku ile. Nimefagia, nimemwaga maji, nimesiliba udongo mpya juu yake, na weusi unarudi. Sasa nimeuacha. Nimeweka kigoda pembeni na ninapiga pasi magome ya mgomba kama tulivyokuwa tukifanya, ila kwa pasi nyingine ya mkaa. Ile yetu ilibebwa na polisi ndani ya mfuko wa nailoni. Waliniuliza kama nitaitaka kesi ikiisha. Nilimtukana yule askari, kijana wa watu.

Nimeanza tena kutengeneza maboksi, Konso. Kabla sijakueleza kwa nini, niache nikumbuke kidogo, maana hapa nyumbani jina lako halitajwi na mimi nimechoka kulitaja peke yangu shambani.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kunishinda, na nusu ya Nyakisasa ilikuwa inasubiri kwa hamu kuona wifi na wifi wakivutana nywele uani. Badala yake tukakaa tunafuma vitambaa vya makochi. Wewe ndiye uliyesema wapo wanawake wanaotamani kufuma lakini hawajui waanzie wapi, kwa hiyo tuwawekee kila kitu kwenye boksi moja: nyuzi, sindano ya kroshia, na kitambaa ambacho tumekianza sisi ili mtu aone mkono unakwendaje. Tukaliita Mawifi. Mwenye duka pale Rusumo alicheka mpaka akashika kaunta, akasema boksi la mawifi si litakuwa na ngumi ndani. Lakini alilipokea, na madereva wa malori wakawa wanawanunulia wake zao, maana wanakaa pale wakingoja makaratasi ya forodha na hawana la kufanya.

Boksi ndilo lilikuwa ugonjwa wako. Nyuzi mtu yeyote anauza, ulikuwa ukisema. Ukachagua magome makavu ya mgomba, yale ya nje yenye rangi ya chai, ukayalowesha, ukayapiga pasi yakalala, ukayabandika juu ya kartoni kwa gundi ya unga wa muhogo. Mimi nilikuwa naharakisha, wewe unabandua nilichobandika na kuanza upya. "Devota, mtu ataligusa kabla hajaliona." Nilikuwa nakasirika sana. Leo nimebandua boksi moja mara nne, na nilikuwa peke yangu.

Halafu ukataka kuwe na kitu cha ziada ndani. Cha bure, cha mkono, kitu ambacho mtu hakukitegemea akifunua kifuniko. Tulijaribu kadi zenye buni za kahawa zilizochorwa kwa penseli za rangi. Mwenye duka akauliza kama ni kinyesi cha mbuzi. Tulijaribu maua ya kukausha, yakaoza njiani. Ndipo asubuhi moja ukanivuta mkono hadi chumbani kwako, ukanisimamisha mbele ya ule ukuta wa juu ya kitanda.

Ule ukuta niliujua. Wote tulijua habari zake. Bibi yako alikuja na sanaa ile kutoka ng'ambo, walipovuka mto wakikimbia, na wiki ya harusi yako alikaa na wewe ndani mkikanda samadi ya ndama na majivu, mkiinua matuta kwa vidole ukutani, pembe kwa pembe, kisha mkipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Sisi Wahangaza wa hapa hatukuwa na kitu cha namna ile. Bibi alitoka nje akamwambia Sirili mbele ya watu wote waliokuwa wakinywa rubisi kwamba mchoro ule ni wa wanaolala chini yake, na mwingine akiuona ameingia pasipo kwake. Wanaume wakapiga makofi. Kaka yangu alitembea kifua mbele wiki nzima.

Ndio mchoro uliotaka kuutia kwenye boksi. Nilikuuliza kama hutamwambia mwenzako. Ukajibu kwamba utamwambia siku atakayouliza. Halafu ukasema jambo ambalo bado linanichoma: "Ukuta huu umengoja mtoto miaka yote hii na umechoka. Acha utoke ukawafurahishe wenye watoto." Ukacheka, na machozi yakakutoka ukicheka. Basi tukaanza kukata vibao vidogo vya ukubwa wa kiganja, tukainua matuta yale yale, tukatoboa tundu na kupitisha uzi wa kuning'inizia.

Na yeye hakuuliza. Hilo ndilo nataka ulisikie nikilisema, hata kama unalijua. Maboksi yalipangwa sebuleni kwako hadi dirishani. Alikuwa akiyaruka kwenda kulala. Alikuwa akiweka sahani yake juu ya boksi akila. Akirudi kutoka Rusumo kupakua mizigo anayasukuma kwa mguu na kusema, "Toeni mavi yenu njiani." Miaka miwili, Wifi.

Siku ile nilikuwa nimeshuka bondeni kuchimba udongo mweupe. Mengine niliyasikia mahakamani, kutoka kwa dereva mmoja wa lori. Alisema Sirili alipanda kwenye lori lake kuteremsha mizigo ya mbele, akaona kibao kinaning'inia kwenye kioo. Akauliza kimetoka wapi. Dereva, ambaye amekinunua dukani kama watu wote, ambaye hajawahi kukanyaga Nyakisasa wala kukuona kwa macho, akaona atie chumvi ili makuli wacheke. "Hiki nimepewa na mke wa mtu huko Nyakisasa." Wakacheka. Alipokuwa anasimulia alilia, akawa anarudia, "Nilitania tu, mheshimiwa, nilitania tu." Nilitamani kumng'oa ulimi kwa mkono wangu. Bado natamani. Nikiona lori linapanda mlima kutoka mpakani, natazama kwanza uso wa dereva.

Kaka yangu aliona ukuta wa chumba chake kwenye kioo cha lori, akajua tayari yule mtu amelala kitandani kwake. Akapanda bodaboda. Kutoka Rusumo hadi huku ni safari, wewe unaijua. Kuna upepo njiani. Kuna watu wa kusalimia. Wakili wake alisema hasira ilimjaa ghafla, na mimi nikakaa pale najiuliza ni hasira gani ya ghafla inayolipa nauli na kungojea chenji.

Nilisikia sauti yako nikiwa napanda. Si kelele, ilikuwa sauti fupi, kisha nyingine. Nilipofika nyuma ya jiko alikuwa ameishika pasi kwa mikono miwili. Ilikuwa imefunguka na makaa yalikuwa kwenye nywele zako. Aliipandisha tena. Nilimwona akiipandisha na nilimwona akiishusha, na sauti ile sitaiandika. Mchi ulikuwa umelala kwenye kinu. Nilimpiga gotini akaanguka, nikampiga tena pale pale hadi kitu kikakatika ndani, nikampiga mgongoni, mkononi, nikamwuma sikio, ndiyo, nilimwuma, damu yake ilikuwa mdomoni mwangu nami nilijua ni damu yangu pia. Walikuja watu wakanibeba juu juu. Nilikuwa bado nauzungusha mchi hewani. Wengine walitaka kummalizia kwa mawe na mwenyekiti wa kitongoji akamlalia ili wasimpige. Mimi nilimlaani mwenyekiti. Sasa namshukuru, utaona kwa nini.

Tulikupandisha kwenye pikapu ya kubebea ndizi. Kichwa chako kilikuwa mapajani kwangu, nimekifunga kwa khanga yangu, na kila tulipogonga shimo nilihisi unapungua. Ulifungua macho mara moja. Nilidhani utamtaja, au Mungu, au mama yako. Ukasema, "Sufuria ya gundi iko motoni." Nikakwambia nimeiepua. Sikuwa nimeiepua. Hukusema neno jingine hadi Murugwanza, na pale hospitalini hawakuwa na la kufanya ila kukufunika.

Tulikuzika kwa watu wako. Mama, mkweo, hakuja.

Usimfikirie mama kwa ubaya sana, au mfikirie, shauri yako. Juma lililofuata aliingia chumbani kwako na jembe. Nilimkuta akikwangua ukuta, akigonga, akikwangua, matuta yote ya bibi yako yanamdondokea miguuni, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Hakulia. Alisema mchoro huu ndio ulioua watu wawili, wewe na mwanawe. Kisha akanikalisha kitandani kwako, juu ya vumbi, akasema: "Nenda useme kortini kwamba ulimuona dereva akiingia humu. Sirili ni wa tumbo moja na wewe. Konso hatarudi hata ukisema kweli."

Baba mdogo Leonidi alieleza vizuri zaidi, maana amewahi kuwa karani wa baraza. Mke akithibitika alikuwa na mwanaume, alisema, na mume kaona ishara kwa macho yake, kesi inapungua, kijana anatoka siku moja. Mke akiwa safi, kijana haponi. Wakanitazama wote. Kwa hiyo kilichotakiwa ni jina lako tu, Wifi. Wewe ulishakufa, hulihitaji, walidhani. Mimi nilikuwa shahidi wa pekee aliyekaa na wewe mchana kutwa, na neno langu lingetosha.

Nilisema sitasema. Baba mdogo hakubishana. Kesho yake nilisikia harufu ya kartoni inayoungua, nikatoka, nikakuta maboksi yote ameyatoa sebuleni na kuyamwagia mafuta ya taa. Yale maboksi ndiyo yangeonyesha kwamba mchoro ulikuwa wa kila mnunuzi, na yeye si mjinga. Nilitia mikono motoni. Nilitoa kibao kimoja, kikamomonyoka nilipokishika. Kidole changu cha shahada cha kulia hakikunji tena hadi leo. Nilimrushia Leonidi kuni yenye moto ikampata shingoni, na ana kovu, na kila Jumapili anakaa benchi la mbele yangu kanisani na mimi nalitazama hilo kovu wakati wa sala.

Hata chakula walininyima. Nikimwambia mama shikamoo, anapita. Mtu unaweza kuvumilia njaa, lakini kusimama mlangoni asubuhi na shikamoo yako imeanguka chini haina wa kuiokota, hilo ni zito.

Nikaondoka kwenda kuwatafuta wanunuzi. Duka la Rusumo lilikuwa halina hata boksi moja na madereva hawana makazi. Nikakumbuka Mama Editha wa Nyamahanga, yule wa Biharamulo aliyekuwa akichukua maboksi kwa ajili ya akina mama wa jumuiya yake. Nilifika nimevimba miguu. Nilipomweleza, hakusema pole. Alipiga yowe la msiba na wanawake wakatoka mashambani na majembe begani. Nilisema nahitaji vibao. Konso, walikwenda majumbani kwao wakarudi navyo! Kimoja kilikuwa kimening'inizwa kwenye cherehani, kingine juu ya mlango, kingine kilikuwa kimelambwa na mtoto hadi nyekundu imetoka upande mmoja. Mmoja alikataa katakata kutoa chake. Alisema amekizoea, akakikumbatia. Siku ya kesi alikuja nacho mwenyewe, amekishika mkononi, akakaa nyuma kabisa.

Nilipopanda kizimbani mama alikuwa mstari wa mbele, rozari mkononi. Wakili wa Sirili aliniuliza kama si kweli kwamba wifi yangu alimpa mwanaume wa nje mchoro wa siri wa chumba cha ndoa. Alisema "siri" kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye adabu. Nikauliza kama naweza kufungua kikapu changu. Nilivimwaga mezani kwa karani, vikagongana, kimoja kikaanguka chini. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, pembe kwa pembe, vyote ukuta wako. Nikasema hivi vimetoka kwa wanawake wa Nyamahanga, mheshimiwa, na mmoja yule pale nyuma ana chake. Je, na hawa wote wifi yangu alilala nao? Kuna aliyecheka. Jaji alinionya nitumie lugha nzuri.

Nililia baadaye, chooni, nimeuma ncha ya khanga.

Lakini si vibao vilivyommaliza. Alipokuja kujitetea, wakili wa serikali alimwuliza maboksi yalikuwa yanakaa wapi. Akasema sebuleni. Akaulizwa yalikaa muda gani. Akasema tangu walipoanza. Akaulizwa kama aliwahi kufungua hata moja. Kaka yangu alinitazama mimi, si wakili. Ni yeye aliyenibeba mgongoni mtoni nikiwa na homa, huyo huyo, macho ni yale yale. Akasema hapana. Akaulizwa kwa nini. Akasema ilikuwa kazi ya wanawake.

Pale mama aliacha kuhesabu rozari. Nilimwona. Mkono ulisimama.

Wamemhukumu kunyongwa. Watu wanasema siku hizi hawanyongi, wanawaacha tu ndani wazeeke. Sawa. Azeeke. Sitakudanganya kwamba nina amani. Nikitwanga muhogo wa gundi natwanga goti lake. Kuna siku nasikia ameshika dini na natamani nimfuate huko ndani na mchi wangu, na kuna siku namkumbuka yule wa mtoni na namchukia zaidi kwa kuniharibia hata huyo. Wewe ungesema nimsamehe. Ndiyo maana wewe uko kaburini na mimi niko hapa na hasira, nikibandika magome.

Sasa nikueleze kwa nini nimeanza tena. Wiki iliyopita nilipita mlangoni na shikamoo yangu, nikaiacha pale kama kawaida, nikaendelea. Nyuma yangu nikasikia, "Marahaba." Sauti ilikuwa na kutu. Nikageuka. Mama akasema anakwenda gerezani kumwona mwanawe, anakusanya vitu, kila mmoja anatoa chake: sabuni, sukari, mafuta ya kupaka. Akauliza mimi natuma nini.

Nikamwambia angoje Jumamosi.

Boksi limekauka, liko mbele yangu. Ni zuri, Konso. Kona zimelala, kifuniko kinaingia bila kulazimishwa, kamba ya mgomba nimeisokota mwenyewe. Ungelizungusha mara mbili ukitafuta kosa na ungelipata, maana kidole changu kilichoungua hakiinui tuta kama zamani na pembe moja ya mchoro imepinda. Nimeweka sabuni ya kufulia, na juu ya sabuni nimeweka kibao. Mama alikuja akakiona kabla sijafunika. Nilishika kifuniko kwa nguvu nikidhani atakitupa. Alikitazama, akakigusa pale palipopinda, akasema nimfungie vizuri kisivunjike njiani.

Lala, Wifi. Nakuacha kwa leo, gundi iko motoni na safari hii nitaiepua. Nakuahidi ukuta wako hautakaa tena ndani ya nyumba moja. Utaingia kwenye kila boksi la Mawifi, la Rusumo, la Nyamahanga na la mtu yeyote atakayelitaka. Na kila mara mama atakapokwenda gerezani, atakwenda na moja. Kule Sirili hana pa kuliruka wala mlango wa kutokea, na sabuni ataihitaji. Atalifungua.

Wifi yako,
Devota